Samaki wa Juu ya Tangi

Karakanani, nyuma ya tangi la maji
Tarehe 6 Februari

Mpwa wangu,

Kaa chini kabla hujaendelea, maana barua hii imeandikwa na mtu ambaye bila yeye hewa ya mji huu ingekuwa imeshazikwa. Nikisema hewa sina maana ya ile ya kuvuta. Hiyo hata mbuzi wanayo. Nasema hewa ya redio, masafa ya mita mbili, ambako sauti yangu inajulikana kama harufu ya mkate. Nikikohoa kwenye maikrofoni, watu watatu kwenye miji mitatu wanasema pole.

Huku hatujambo. Mama yako alipita wiki iliyopita. Goti linamsumbua ila ulimi ni mzima. Mkazamjomba wako anakusalimu. Bado anaanika mashuka kwenye waya zinazoshikilia mlingoti wa antena yangu, na nikimwambia shuka bichi linakula mawimbi, ananijibu kwamba kwa miaka tisa hajaona wimbi hata moja likirudi na chakula. Nilimwoa nikiwa na akili zangu timamu, sijui ilikuwaje. Karakanani friji saba zinanisubiri, mojawapo ya yule mwuza nyama, friji ambayo haigandishi hata maji ya barafu.

Unaweza kujiuliza kwa nini sipigi simu. Simu ni ya watu ambao maneno yao hayafikii thamani ya stempu.

Sasa jambo lenyewe. Mama yako kaniambia kwamba huko uwandani unakopimia barabara umepata leseni ya redio na umejinunulia kiredio. Hongera. Binti wa dada yangu kuifuata damu ya mjombake si ajabu. Ajabu ni kwamba umechelewa. Na kwa kuwa u mgeni, nikufundishe. Kila Juni, Jumapili moja, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, tunashindana. Unaita, ukijibiwa mnapeana namba, yaani huyo ni mtu wa ngapi kwako siku hiyo, wewe unaandika kwenye daftari lako na mwenzako kwenye lake. Kila kilomita iliyo kati yenu ni pointi moja. Mwishoni kamati inalinganisha madaftari. Mazungumzo ambayo hayamo kwenye yote mawili yanafutwa. Machi tunafanya jaribio, la kunyoosha misuli tu.

Miaka tisa sijapata nafasi ninayostahili. Nafasi niliyopata siitaji. Tatizo si mimi. Wenzangu wote wako mashariki, na redio zao zinalia kama mbu aliyefungiwa ndani ya chupa. Mimi nawasikia kwa taabu, na wao hawanisikii kwa sababu masikio yao wameyazoesha uvivu. Bingwa wao, kwa miaka minne sasa, ni jirani yangu tunayemwita Cherehani, mshona suruali za shule, antena yake ameifunga juu ya bati la duka kwa kitambaa cha pindo. Mtu anayepima viuno vya watoto, eti ndiye anayepima anga!

Sasa sikia dharau yao. Kamati imekaa, imepiga kura: Juni hii nikitoka na matokeo yale yale, nishushe antena yangu na tangi apewe Cherehani. Tangi hili hili! Ghorofa tatu kwenda juu, ngazi ya chuma iliyooza, ambalo nililipanda mwenyewe miaka tisa iliyopita, upepo unavuma, antena mgongoni, spana mdomoni, watu chini wameshika vichwa na mwanamke mmoja amezimia!

Ndipo unapoingia wewe. Uko magharibi, kilomita mia mbili na kumi. Upande huo hakuna mtu, ni mawe na mbuzi, ndiyo maana antena yangu nimeielekeza mashariki kwa watu, na usukani wake (nimefunga usukani wa baiskeli chini ya mlingoti, pale ardhini, ubunifu wangu huo) nimeubana kwa waya tangu siku ile ile. Kwa ajili yako nitaufungua. Siku ya jaribio, Machi 10, saa nne kamili, nitaigeuzia kwako kwa dakika tano, si zaidi, maana ikikaa hivyo kebo inajinyonga. Pointi mia mbili na kumi kwa salamu moja! Tukifaulu, Juni tunarudia, na Cherehani atameza sindano.

Ni mimi mjomba wako, anayejulikana na upepo.


Kambi ya wapimaji, uwandani
Tarehe 21 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilikuja ndani ya gari la saruji, ina vumbi lakini inasomeka. Mimi ni mzima. Nalala kwenye chumba cha bati juu ya kilima, na kutwa nzima natembea na kamba, vigingi na dira. Wenzangu wananitania kwamba hata kijiko nakiweka mezani kwa kufuata kaskazini. Mpe mkazamjomba salamu zangu, na mwambie mashuka aendelee kuanika; pamba haina ugomvi na mawimbi.

Kiredio changu, kama unavyokiita, ni kidogo kweli. Antena nimeitengeneza mwenyewe kwa kufuata mchoro wa kitabu, fimbo nne tu juu ya bomba. Lakini kilima ni kirefu na mbele yangu hakuna kitu. Nitakuwepo Machi 10, tangu saa mbili. Sitasubiri saa nne, nitakuita kila nitakapokusikia.

Nilimsomea mama barua yako kwa simu, unisamehe kwa kuitaja. Alisikiliza vizuri mpaka ile sehemu ya spana mdomoni. Hapo alicheka mpaka akakata. Nilipompigia tena kumwuliza anacheka nini, alisema goti linamtekenya.

Mpwa wako.


Karakanani
Tarehe 14 Machi

Mpwa,

Salamu zipo, ila leo nitazitoa kwa kijiko. Sisi wazima, mama yako mzima, friji ya mwuza nyama imekufa mara ya tatu. Basi.

Ulikuwa wapi saa nne?

Nilifanya nilivyoahidi. Saa nne kasoro mbili nilikata waya uliobana usukani miaka tisa, waya umeota kutu mpaka umenichana kidole, nikauzungusha mlingoti mzima kutoka mashariki hadi magharibi, jasho linanitoka kama nachota kisima. Nikakaa. Nikaita. Mara ishirini na tatu, Mpwa, nimezihesabu. Kimya! Ulikwenda kunywa chai. Mtu wa leo akiona saa nne anaona kikombe.

Na wakati nakuita wewe, wale mbu wa mashariki, ambao asubuhi nzima walikuwa wakinong'ona, wakalipuka kwa pamoja, kila mmoja anataka kuzungumza na mimi, makelele kama wamekunywa kitu. Nikawaambia wapishe, naongea na familia. Kwa ajili yako niliwafukuza watu saba.

Halafu una ujasiri! Saa tatu, wakati namvizia mtu wa maana kutoka mashariki, uliingia bila hodi, sauti kubwa kama uko jikoni kwangu, unaniita. Nikakwambia utoke usubiri zamu yako. Saa tatu na nusu, tena. Saa tano, tena! Mtu ameahidiwa saa nne, anakuja saa zote isipokuwa saa nne. Hivi huko kambini mnapima barabara kwa saa ipi?

Matokeo ya awali, kabla ya madaftari kulinganishwa, sikwambii. Cherehani ameyabandika kwenye mlango wa duka lake, na ameyabandika chini chini, kwa makusudi, ili jina la mwisho lisomwe hata na anayefunga kamba za viatu. Jana alinisimamisha, sentimita ikining'inia shingoni.

"Kaka," anasema, "antena yako inaangalia wapi?"

"Inaangalia usikoweza kufika wewe."

"Hapo nakubali," anasema. "Huko sijawahi kufika."

Akarudi kwenye suruali zake. Unaona mtu asivyo na adabu?

Sasa nakuomba, na ombi la mjomba si ombi la mpita njia. Madaftari yanapelekwa wiki ya pili ya Aprili. Mimi kwenye langu nimeshaandika: saa nne na dakika mbili, mpwa wangu, namba moja. Nawe andika kwenye lako, saa nne na dakika mbili, mjomba, namba moja. Dakika mbili za wino. Hakuna anayeumia, na mimi sitabandikwa mlangoni kama tangazo la mbwa aliyepotea.

Mjomba wako, anayesubiri.


Kambi ya wapimaji
Tarehe 29 Machi

Mjomba, shikamoo.

Pole ya kidole. Kama waya ulikuwa na kutu, nenda kapigwe sindano ya pepopunda, tafadhali usiniambie kwamba damu yako inaua wadudu yenyewe.

Siandiki, Mjomba. Usinichukie. Kazi yangu ni kupima, na nikiandika mita moja ambayo sikuipima, barabara inapita kwenye chumba cha mtu. Nikianza kukuandikia dakika mbili, kesho nitamwandikia mkandarasi. Daftari langu halina saa nne na dakika mbili, na naomba na lako usilipeleke hivyo.

Chai sikunywa. Nikueleze nilichosikia, kwa mpangilio, maana mimi huandika kila kitu. Saa mbili na dakika kumi ulikuwepo, sauti nene, kama uko nyuma ya pazia. Nilikuita, hukujibu. Saa tatu nilikuita tena ukaniambia: "Mpwa, ondoka hapo, hewa hii ni ya wakubwa." Kungekuwa na namba ndani ya sentensi ile, ungekuwa na pointi mia mbili na kumi. Saa tatu na nusu uliniambia nina pupa. Ilipofika saa nne nilizima feni na kushika pumzi. Mjomba, ulipotea. Si kwamba ulififia. Ulizimika kama mshumaa. Saa nne na dakika saba ulirudi na nguvu zako zote, unamsema Cherehani kwa mtu ambaye hakukujibu.

Jioni nilitandaza ramani, nikaweka dira, nikachora mstari kutoka tangi lako mpaka kilima changu. Nimeutazama mstari huo wiki mbili. Ukiielekeza antena mashariki, nakusikia mimi niliye magharibi. Ukiielekeza magharibi, wanakusikia wao walio mashariki, wale saba uliowafukuza. Na watu unaowalenga wote wanalia kama mbu.

Nina swali moja. Kwenye antena yako, fimbo ndefu kuliko zote iko upande gani, wa mashariki au wa magharibi? Jibu kwa neno moja, Mjomba. Nataka hilo tu.

Mpwa wako anayekupenda.


Karakanani
Tarehe 12 Aprili

Mpwa,

Hatujambo wote. Mkazamjomba wako ana mafua. Mwuza nyama amechukua friji yake akaipeleka kwa fundi mwingine, kijana wa juzi, ambaye ataiua kabisa; nangoja mazishi. Daftari nimelipeleka bila saa nne yako, usije ukasema mjomba ni mwizi.

Umeniuliza swali. Mimi sijibu maswali ya mtu ambaye nilipokuwa nafunga antena, yeye alikuwa anafungwa vishikizo. Wewe umesoma kwenye kitabu, mimi nimesoma kwa mikono hii. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa ananichelewesha. Na hao walioandika kitabu chako, waulize wamewahi kupanda tangi gani.

Lakini kwa kuwa u damu yangu nitakupa mfano, si jibu. Mtazame samaki aliyeliwa akabaki mifupa. Bomba ni uti wa mgongo, fimbo ni mbavu. Kichwani mbavu kubwa, mkiani ndogo. Umewahi kumwona samaki anaogelea kwa kutanguliza mkia? Hata kwenye familia, mkubwa hutangulia na wadogo wanafuata nyuma, na wakisahau hilo ndipo wanapoanza kumwandikia mjomba wao maswali.

Na hayo ya kunisikia wewe yana sababu nyepesi. Nguvu yangu ni kubwa mno. Mawimbi yanagonga milima ya mashariki, yanakosa pa kwenda, yanarudi juu ya kichwa changu mpaka kwako. Mwaka juzi kunguru alitua mbele ya antena nikiwa naita. Alianguka, akainuka, na tangu siku hiyo anaruka kinyumenyume. Mtaa mzima unamjua.

Usiniulize tena mambo ya fimbo.

Mjomba wako.


Kambi ya wapimaji
Tarehe 20 Aprili

Mjomba, shikamoo, na pole kwa mafua ya mkazamjomba.

Sikuulizi tena, maana umejibu. Nakuambia tu.

Antena si samaki, ni tochi. Fimbo ndefu ni kile kioo kinachokaa nyuma ya balbu: kazi yake ni kuyazuia mawimbi yasipite na kuyarudisha. Yanatokea upande wa fimbo fupi. Mkubwa kwenye antena hatangulii, Mjomba. Mkubwa anakaa nyuma anawasukuma wadogo waende mbele.

Miaka tisa umekuwa ukiwamulika mawe na mbuzi, na mashariki umewapa kisogo. Wale watu hawana redio mbovu. Wanakusikia kwa mgongo.

Kunguru wako alikuwa upande salama, basi. Mwulize.

Ni kugeuza tu. Juni bado. Sitamwambia mtu yeyote, hata mama.

Mpwa wako.


Kambi ya wapimaji
Tarehe 19 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mwezi mzima umepita bila barua yako. Mama anasema u mzima, ila siku hizi unakwenda karakanani kwa uchochoro wa nyuma ili usipite mbele ya duka la Cherehani. Mkazamjomba kamwambia kwamba mara mbili amekukuta alfajiri umesimama chini ya ngazi ya tangi, mkono mmoja juu ya chuma.

Kama nimekukosea, niambie. Kama tatizo ni jingine, niambie vilevile. Mashindano ni wiki nne tu.

Mpwa wako.


Karakanani
Tarehe 4 Juni

Mpwa,

Sote wazima. Mafua yameisha. Friji ya mwuza nyama imerudi, kama nilivyosema, na yule fundi wa juzi amepoteza skrubu tatu.

Kwenye antena kulikuwa na bolti imelegea. Imekazwa. Na wakati wa kuikaza, kitu kizima kilizunguka kidogo, basi kikaachwa hapo kilipozungukia. Hayo ndiyo yote yaliyotokea, na hayahusiani na tochi ya mtu yeyote.

Usukani nimeupaka grisi. Saa nne kamili, dakika tano. Safari hii hata ukiingia saa tatu, nitatazama.

Mkazamjomba wako siku ile ya bolti aliyaondoa mashuka yake kwenye waya bila kuombwa.

Mjomba.


Kambi ya wapimaji
Tarehe 20 Juni

Mjomba wangu, shikamoo mara mbili!

Saa nne kamili! Nilikuwa nimeshika kalamu, na sauti yako ikaingia chumbani ikatikisa kikombe. Namba ishirini na sita! Mwezi Machi mpaka saa nne hukuwa umempata hata mtu mmoja. Nimeandika kwenye daftari langu kwa herufi kubwa: mjomba, saa nne na dakika moja, kilomita mia mbili na kumi. Hii nimeipima.

Na adabu uliyoniongelesha! "Karibu, Mpwa, nimekupata vizuri." Nilidhani nimekosea masafa.

Ila kuna jambo. Saa sita nilimpata Cherehani. Sauti yake ilikuwa mbali, inakuja na kuondoka, lakini tulibadilishana namba. Kabla hajaaga akasema: "Msalimie mjomba wako. Mwambie bolti imekaa vizuri."

Mjomba, mimi habari ya bolti sikumwambia mtu. Yeye ameijuaje? Mama nilipompigia alicheka tena, na safari hii nilimwuliza kama sasa ni magoti yote mawili. Alisema: "Mwulize mjomba wako. Mambo ya juu ya meza si yangu kusema." Meza gani?

Mpwa wako, mwenye maswali.


Karakanani, nyuma ya tangi lile lile
Tarehe 7 Julai

Mpwa wangu,

Matokeo yametoka. Wa nne kati ya kumi na mmoja! Wa nne wa mwaka huu ana uzito kuliko wa kwanza wa miaka mingine, maana mwaka huu nilishindana mimi. Pointi zangu kubwa kuliko zote ni za kwako. Katibu wa kamati, yule kinyozi, alinyanyua daftari langu kama mtu aliyeokota joho la mfalme, akauliza: "Hii ni hesabu yako kweli?" Nikamwambia yeye anyoe. Tangi ni langu. Cherehani ni wa kwanza tena, hilo siwezi kulizuia, mtu akizoea kushona hata bahati anaishona.

Mama yako goti limepungua. Mkazamjomba amerudisha mashuka yake kwenye waya, nami nimeyaacha.

Nimeianza barua hii mara tatu. Mara mbili niliandika kwamba Cherehani alichungulia kwa darubini. Karatasi hizo nimewashia jiko.

Mwezi Mei, siku tatu baada ya barua yako ya tarehe 19 kufika, nilikwenda dukani kwake. Niliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa na kipande cha chaki mdomoni, anakata mfuko wa suruali. Hakunyanyua uso.

"Fundi," nikamwambia, "kuna bolti imelegea."

"Bolti."

"Ile ya juu."

"Miaka tisa haijalegea," anasema. "Niliikaza mwenyewe."

Ndiyo, Mpwa. Aliikaza mwenyewe. Siku ile ya upepo, aliyepanda tangi na antena mgongoni ni yeye, nilimwomba kwa sababu wakati ule tulikuwa marafiki. Na alipofika juu aliifunga vizuri, fimbo fupi mashariki, kama kitabu chako kinavyosema. Mimi nilikuwa chini nikampigia kelele aigeuze. Akaniambia, "Kaka, hizi fupi ndizo mbele." Nikamwambia, watu thelathini wanasikia, yeye ashone nguo, mambo ya anga awaachie wenye nayo. Akaigeuza kama nilivyotaka. Akashuka, akapangusa mikono, akasema, "Haya, mkubwa." Tangu siku ile hatukunywa tena chai pamoja, na mimi nilikuwa nikisema ni wivu.

Mwezi Mei nilimwuliza kwa nini hakunikumbusha miaka yote hii. Akatoa chaki mdomoni.

"Nilikwambia mara moja. Ungeniambia mara ya pili nikashone, ningekushona mdomo."

Nikamwambia, na yeye anajua kabisa, kwamba antena ikigeuzwa tangi halipati. Akasema anajua. Akafunga duka. Tulitembea mpaka tangini, akapanda, robo saa akamaliza, akashuka na kutu kwenye magoti. Nikamwuliza tena, kwa nini, fundi? Akasema: "Miaka minne namshinda mtu aliyenipa kisogo. Hainogi."

Wiki hii nimemruhusu afunge antena yake kwenye tangi, mita mbili chini ya yangu. Ni huruma tu, usiifanye kitu kingine. Bati lake linavuja.

Sasa hiyo meza, maana najua hutalala mpaka ujue, na mama yako akianza kuisimulia ataongeza chumvi. Nilikuwa na miaka saba. Nilipanda juu ya meza ya kulia chakula kuchukua kopo la sukari, nikatazama chini, na sikuweza kushuka. Nililia mpaka mama yako alipotoka shule akanibeba mgongoni kunishusha. Hivyo ndivyo nilivyo mpaka leo. Ngazi siipandi. Kipandio cha kwanza naweza, cha pili nashika kwa mikono miwili, cha tatu sijawahi kukijua. Zile alfajiri mkazamjomba wako alizonikuta pale chini, nilikuwa najaribu kuigeuza mwenyewe kule juu ili nisiende kwa Cherehani, maana usukani nikiuacha umegeuka kutwa nzima kebo ingekatika. Nilifika cha pili.

Kuhusu spana sikukudanganya. Siku ile nilikuwa nayo mdomoni kweli. Ila nilikuwa nimesimama chini.

Mjomba wako.